Vitabu vya maarifa vya mfukoni kwa watoto: kipi cha kununua Nairobi na kipi cha kuacha

Mzazi anayetafuta kitabu kidogo cha maarifa ya jumla jijini Nairobi, kile ambacho mtoto anaweza kukitia katika mfuko wa kaptura au wa pembeni mwa mkoba wa shule, hakosi cha kuchagua. Vimepangwa juu ya meza za wauzaji wa kandokando ya Barabara ya Tom Mboya na Moi Avenue, vimo katika rafu za maduka makubwa kama Text Book Centre ya Sarit, na humfuata abiria hadi ndani ya basi linalosubiri kujaa, ambamo mchuuzi hupita kati ya viti akiviinua juu pamoja na peremende na soksi. Vyote huahidi jambo lile lile, yaani dunia nzima katika kurasa chache. Nimekuwa nikivinunua na kuvisoma kwa ajili ya watoto wa kaka yangu, mmoja aliye Gredi ya 5 na mdogo wake wa Gredi ya 3, na yanayofuata ni tathmini ya vitabu vyenyewe kwa aina zake, si ya kampuni moja wala duka moja.

Rai yangu naitanguliza ili mwenye haraka asihangaike: kitabu kimoja kinachodai kumaliza kila kitu si cha kununua. Maarifa hayazeeki kwa kasi moja. Mifupa ya mtu mzima ilikuwa 206 babu zetu walipokuwa madarasani na ingali 206, ilhali orodha ya mawaziri wa Kenya ilifutwa karibu yote kwa siku moja, tarehe 11 Julai 2024, Rais Ruto alipolivunja baraza lake, na kijitabu chochote kilichokuwa kikitoka mtamboni wiki hiyo kikawa kimepitwa kabla hakijamfikia mtoto. Anayeunganisha mambo ya aina hizi mbili katika jalada moja humuuzia mzazi kitabu ambacho nusu yake itaoza mapema. Vinavyofaa ni viwili: kimoja kipya kuhusu Kenya na majirani zake, chenye mwaka wa kuchapishwa ulioandikwa waziwazi, na kingine kuhusu mwili, wanyama na maumbile, ambacho kinaweza hata kuwa cha mtumba.

Vinavyouzwa hapa mjini naviweka katika mafungu matatu. La kwanza ni vijitabu vya humu nchini, vya kurasa sitini hadi themanini hivi, vilivyochapishwa kwa karatasi inayokaribiana na ya gazeti na kubanwa kwa pini mbili katikati. Bei yake haizidi Sh200, na jioni inapoingia hushuka hadi Sh100. La pili ni vitabu vya maswali na majibu kutoka India, vyenye jalada la kung'aa na mgongo wa gundi, ambavyo huuzwa kati ya Sh250 na Sh400. La tatu ni vile vya Uingereza, vyenye picha za rangi kila ukurasa, ambavyo vikiwa vipya dukani huvuka Sh1,000 bila shida, na humo mna kodi ya VAT ya asilimia 16 ambayo vitabu hutozwa tangu sheria ya mwaka 2013. Hivyo hivyo vya Uingereza, vikiwa vya mtumba juu ya turubai lililotandikwa kando ya njia, hupatikana kwa bei ya sahani ya chipsi.

Nianze na umbo, kwa kuwa kitabu cha mfukoni kisichoingia mfukoni hakina haja ya kusomwa tathmini. Ukubwa wa A6, yaani milimita 105 kwa 148, ndio wa mwisho ambao mfuko wa mtoto wa miaka minane utaupokea bila kona kujikunja. Wachapishaji wa humu hupenda A5, ambayo ni mara mbili yake, na bado huandika juu ya jalada kwamba ni cha mfukoni. Vile vya Uingereza ni vidogo kwa upana lakini vinene kama mche wa sabuni, kiasi kwamba mtoto huviacha nyumbani baada ya juma la kwanza. Vya India ndivyo vilivyopata kipimo kizuri zaidi. Tatizo lao ni gundi. Kifungue katikati palepale mezani, ukibonyeze taratibu, na mgongo ukilia mlio wa kukatika, kirudishe. Pini za vijitabu vya humu, licha ya kudharauliwa, zina faida moja kubwa: kitabu hulala wazi juu ya dawati bila kushikiliwa. Hasara yake huja na mvua, kwa sababu pini hushika kutu, kurasa za katikati huchanika kuizunguka kutu hiyo, na ramani ya Afrika, ambayo kwa desturi ndiyo huwekwa katikati, huwa ya kwanza kupotea. Kilichoshonwa kwa uzi hutambulika kwa kutazama mgongo kutoka juu, ambapo mikunjo midogo ya mafungu ya kurasa huonekana. Ukikipata cha namna hiyo kwenye turubai, hata kama jalada limechubuka, kitamfaa mtoto na hata wadogo zake.

Kabla ya kusoma lolote lililomo, utafutwe mwaka. Vijitabu vingi vya humu nchini havina ukurasa wa hakimiliki kabisa, na kwangu hilo ni kasoro kubwa kuliko ubovu wa karatasi. Vingine huandika kwa herufi nyekundu kwamba hili ni toleo jipya, bila kueleza ni jipya tangu lini. Muuzaji mmoja niliyemuuliza mwaka alinijibu kwa upole, "Madam, hiki kimeingia juzi tu," jambo ambalo lilikuwa kweli kuhusu katoni, si kuhusu kitabu.

Pasipokuwa na mwaka, nambari ya ISBN, yaani kitambulisho cha kimataifa cha kitabu kilicho nyuma ya jalada, husaidia kuliko wengi wanavyodhani. Tangu Januari 2007 nambari hiyo ina tarakimu 13. Yenye tarakimu 10 peke yake huonyesha kwamba kitabu kilitolewa kabla ya hapo, na mpaka huo unakaribiana sana na Agosti 2006, mwezi ambao Muungano wa Kimataifa wa Wanaastronomia uliiondoa Pluto katika hesabu ya sayari kuu. Kitabu cha mtumba chenye tarakimu 10 kinaweza basi kutiliwa shaka ya sayari tisa hata kabla hakijafunguliwa. Tarakimu zinazofuata 978 ya mwanzo wa nambari hiyo hutaja pia asili yake: 9966 ni ya Kenya, ambako nambari hizi hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa, 81 na 93 ni za India, na 0 na 1 ni za nchi zinazochapisha kwa Kiingereza. Katika vitabu vya Uingereza huwa kuna pia mstari wa nambari zinazoshuka kutoka 10 hadi 1, na ile ndogo kuliko zote zilizobaki ndiyo hutaja chapa uliyoishika. Tahadhari ni kwamba chapa ya 9 si toleo la 9. Ni maneno yale yale ya mwanzo yaliyopigwa chapa mara ya tisa, pamoja na makosa yake.

Ukurasa wa Kenya ndio ninaoupima kwa ukali zaidi, kwa kuwa ndio mtoto ataufungua mara nyingi na ndio mwalimu atauulizia. Jambo la kwanza ni kaunti 47. Katiba ya 2010 imeshapita muongo mmoja na bado kuna vijitabu mezani vinavyoigawa nchi katika mikoa minane, kana kwamba wakuu wa mikoa wangali ofisini. Jambo la pili ni tarehe 12 Desemba, ambayo huchanganywa mno. Kenya ilipata uhuru tarehe hiyo mwaka 1963, Jomo Kenyatta akiwa waziri mkuu. Alikuwa rais mwaka mmoja baadaye, tarehe ile ile ya mwaka 1964, nchi ilipokuwa jamhuri. Kijitabu kinachosema alikuwa rais kuanzia 1963 kinamfundisha mtoto kosa ambalo atakuja kulipia katika mtihani. La tatu ni sikukuu: tarehe 10 Oktoba, ambayo vitabu vya zamani huiita Siku ya Moi na vya baadaye kidogo huiita Siku ya Utamaduni, imekuwa Siku ya Mazingira tangu 2024. Yaani kwa kuitazama siku hiyo moja tu mzazi anaweza kukadiria umri wa kitabu kizima.

Sarafu nazo ni kipimo kizuri, na watoto hulipenda zoezi hili kwa sababu ushahidi wamo nao mifukoni. Sarafu zilizotolewa Desemba 2018 zina wanyama: twiga kwenye ya shilingi moja, kifaru kwenye ya tano, simba kwenye ya kumi na ndovu kwenye ya ishirini. Kijitabu kinachoonyesha nyuso za marais peke yake hakijasahihishwa tangu wakati huo. Upande wa michezo kuna mtego mwingine. Eliud Kipchoge alikimbia marathoni kwa saa 1:59:40 mjini Vienna, Oktoba 2019, lakini mbio zile hazikufuata masharti ya mashindano na hazikuingizwa katika rekodi. Kitabu kilichotolewa 2024 kilipaswa kumtaja Kelvin Kiptum, aliyekimbia kwa saa 2:00:35 mjini Chicago, Oktoba 2023. Nimeona kijitabu kilichompa Kipchoge rekodi kwa muda wa Vienna na kuambatanisha picha ya mbio zake za Berlin. Mtoto wa Gredi ya 5 ndiye aliyeligundua kosa hilo, si mimi, kwa sababu nyumbani kwao habari za riadha hazilali.

Sipendi pia orodha za magavana. Zinajaza kurasa mbili au tatu, zinampendeza mzazi anayetaka kuona kazi imefanywa, na zitabadilika baada ya uchaguzi wa Agosti 2027, ilhali nafasi hiyo hiyo ingetosha kueleza kazi ya gavana ni ipi na inatofautianaje na ya mbunge. Lililo zuri katika vijitabu vya humu, na hapa sifa zao ni za haki, ni yale ambayo mchapishaji wa mbali hawezi kuyafikiria. Kimoja nilichokipenda kuliko vingine kina ukurasa mzima kuhusu Mvulana wa Turkana, mifupa ya binadamu wa kale ya zaidi ya miaka milioni 1.5 iliyogunduliwa Nariokotome mwaka 1984, na kinamtaja Kamoya Kimeu, Mkenya aliyeuona mfupa wa kwanza. Ukurasa unaofuata unaeleza kwamba muziki wa wimbo wa taifa umetokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea mtoto. Karatasi yake ni mbovu, picha zake ni za wino uliomwagika, na sijaona katika fungu la Sh1,000 kitu kinachokikaribia kijitabu hicho kwa thamani.

Kuhusu nchi nyingine nitakuwa mfupi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina wanachama wanane tangu Somalia ilipojiunga rasmi Machi 2024, ikitanguliwa na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022 na Sudan Kusini mwaka 2016; kinachotaja wanachama watano kimelala miaka mingi. Eswatini haijaitwa Swaziland tangu 2018, na makao makuu ya kisiasa ya Burundi yamekuwa Gitega tangu 2019. Vitabu vya India ndivyo vinavyochelewa zaidi katika mambo haya ya Afrika. Kuna kimoja, hata hivyo, kilichozeeka mpaka kikawa sahihi tena: kinautaja mji mkuu wa Kazakhstan kuwa Astana, jina lililobadilishwa mwaka 2019 na kurejeshwa mwaka 2022. Tofauti ndogo za vipimo siziadhibu. Kitabu kinachosema Everest ni mita 8,848 badala ya 8,848.86, kipimo kilichotangazwa na Nepal na China mwaka 2020, hakijamdhuru mtoto yeyote; kinachousahau Mlima Kenya na mita zake 5,199 kimemdhuru zaidi.

Vitabu vya Uingereza vina ila ya namna nyingine, isiyotokana na umri wala uzembe. Viliandikiwa mtoto aishiye mbali na ikweta, na havisemi hivyo. Humo Juni na Julai ni miezi ya joto na kuogelea, wakati msomaji wetu wa Nairobi ana sweta asubuhi mpaka jioni. Misimu ni minne, na masika na vuli zetu hazina mahali. Picha ya mwezi mchanga humsimamisha wima, lakini mtoto akitoka nje jioni huku kwetu atamwona amelala chali kama mtumbwi. Ubaya zaidi ni ukurasa wa nyota. Kitabu kimoja kinamfundisha mtoto kutafuta kaskazini kwa nyota ya Polaris, tena kwa mchoro mzuri sana, ilhali Nairobi iko zaidi kidogo ya nyuzi moja kusini mwa ikweta na nyota hiyo haipandi juu ya upeo wa macho. Mtoto mwenye bidii atasimama uani usiku kucha akitafuta kisichoonekana. Angeonyeshwa Msalaba wa Kusini, ambao katika miezi ya Aprili hadi Juni huonekana vizuri jioni pale ambapo taa za mtaa si kali, angepata kitu cha kujivunia mbele ya wenzake.

Pamoja na hayo, kuhusu mwili na wanyama, vitabu hivi havina mshindani, na ndiyo maana nasema vinunuliwe vya mtumba. Mchoro wa moyo wenye vyumba vinne, wa jino lililokatwa katikati, wa shingo ya twiga yenye mifupa saba sawasawa na ya binadamu, huhitaji rangi na karatasi nzuri, na wino wa kijitabu cha Sh100 hauwezi kuubeba. Maarifa hayo yatakuwa yale yale mtoto akifika sekondari. Yapo machache ya kuangalia. Mchoro wa ulimi uliogawanywa sehemu, utamu mbele na uchungu nyuma, ni kosa la siku nyingi, kwa kuwa sehemu zote za ulimi zenye vionjio huhisi ladha zote. Matoleo ya zamani huwa nao. Nundu ya ngamia huhifadhi mafuta, si maji, na kitabu kinachosema maji kitachekwa na mtoto yeyote aliyekulia Wajir au Marsabit. Mbuni hafukii kichwa mchangani. Ukuta Mkuu wa China hauonekani kwa macho kutoka mwezini. Kitabu chenye mawili kati ya haya kimeandikwa na mtu aliyenakili vitabu vingine, na ningekiacha mezani hata kikiwa kizuri kwa sura.

Hata hivyo si kila habari ya wanyama hudumu. Kifaru mweupe wa kaskazini ni mfano ulio karibu nasi kwa huzuni: dume la mwisho, aliyeitwa Sudan, alikufa katika hifadhi ya Ol Pejeta mwezi Machi 2018, wakabaki majike wawili, Najin na Fatu. Kitabu cha 2005 hakiwezi kumwambia mtoto jambo hili, na ni jambo lililotokea saa chache kwa gari kutoka sebuleni mwake. Hesabu za miezi ya sayari nazo huchakaa upesi. Zohali, ambayo vitabu vingi vya mtumba huiweka nyuma ya Mshtarii, ilifikishiwa miezi 274 inayotambuliwa mwezi Machi 2025. Mzazi anaweza kukisahihisha kwa kalamu pembeni mwa ukurasa, na sioni aibu yoyote katika hilo. Watoto wetu walilichukulia zoezi la kusahihisha kama mchezo wa kumkamata mtu mzima aliyekosea.

Sasa nije kwenye mpangilio, ambao kwa kitabu cha marejeleo ni nusu ya thamani yake. Mdogo aliniuliza siku moja akiwa amekishika kijitabu cha humu, "Anti, Makueni iko ukurasa gani?" Hakuna faharasa, na orodha ya kaunti ilikuwa imepangwa kwa nambari za serikali, kuanzia 001 ya Mombasa hadi 047 ya Nairobi. Ili kuipata Makueni ilimbidi mtoto ajue kwanza kwamba ni 017, na anayejua hilo hahitaji kitabu. Faharasa ya kurasa mbili mwishoni, kwa mpangilio wa alfabeti, ingeondoa adha hii kwa gharama ya karatasi moja. Vile vya Uingereza vina faharasa nzuri, ijapokuwa herufi zake ni ndogo mno kusomwa ndani ya matatu au taa inapopotea. Vya India havina haja ya faharasa kwa jinsi vilivyotungwa, kwa kuwa ni swali na jibu, swali na jibu, kuanzia jalada hadi jalada, mara nyingi bila mpangilio wowote.

Mtindo huo wa maswali na majibu una wapenzi wengi, na naelewa sababu. Katika foleni ya Barabara ya Jogoo hakuna kitu kinachonyamazisha ugomvi wa kiti cha dirishani kama swali la mji mkuu wa Australia, ambao nusu ya abiria watasema ni Sydney na mtoto atawasahihisha kwamba ni Canberra. Unafaa kwa mashindano, unafaa kwa safari. Kasoro yake ni kwamba unamzoesha mtoto kuamini kuwa kila jambo lina jibu la neno moja. Kitabu kinauliza mto mrefu kuliko yote duniani ni upi na kujibu Nile, basi. Hakisemi kwamba wapo watafiti wanaoipa Amazon nafasi hiyo, wala kwamba ugomvi wao unatokana na namna ya kuamua mto unaanzia wapi, jambo ambalo mtoto wa Gredi ya 5 angelielewa bila shida na angelipenda kuliko jibu lenyewe. Mtaala wa umilisi unamtaka mwanafunzi aeleze na aoneshe, na kitabu cha majibu matupu hakimsaidii anapoulizwa kwa nini.

Lugha ni malalamiko yangu mengine, na ni ya wachapishaji wote. Vitabu vya Kiswahili vya ukubwa huu nilivyoviona Nairobi ni vya methali, vitendawili na tanakali za sauti. Vyema kabisa kwa kazi yake, lakini havimwambii mtoto figo hufanya nini. Kiswahili ni somo la lazima katika shule za msingi, istilahi za sayansi za kiwango hicho zipo na zimo katika kamusi, na bado mtoto anayetaka kusoma habari za sayari kwa Kiswahili mfukoni mwake hana pa kuelekea. Mchapishaji atakayelijaza pengo hili kwa kurasa 96 zilizoshonwa, zenye faharasa na mwaka, atakuwa na mnunuzi mmoja wa hakika.

Basi ununuzi uende namna hii. Kwa Kenya na Afrika Mashariki, nunua kijitabu cha humu nchini, cha bei isiyozidi Sh200, baada ya kutazama kaunti, tarehe 10 Oktoba na wanachama wa Jumuiya. Vikiwa sahihi vitatu hivyo, mengine mengi huwa sahihi pia. Ukikuta kina ukurasa wa nambari za dharura wenye 116, simu ya bure ya msaada kwa watoto, kipe alama ya ziada. Kwa mwili, wanyama na maumbile, tafuta cha Uingereza cha mtumba, kilichoshonwa, chenye ISBN ya tarakimu 13, wala usilipe zaidi ya Sh150. Kipya cha Sh1,000 na zaidi sikipendekezi, isipokuwa kwa zawadi, na hata hapo ningeyakagua mapema yaliyomo katika sehemu ya watoto ya maktaba, iwe McMillan ya Mtaa wa Banda au matawi yake ya Kaloleni na Makadara, kwa kuwa dukani vitabu hivi hufungwa kwa nailoni na hukubaliwi kufungua. Cha maswali na majibu kinunuliwe cha mwisho, kwa Sh250 si zaidi, na kikae ndani ya gari au mkoba wa safari badala ya mkoba wa shule.

Msimu nao una maana. Januari, wazazi wanapomiminika mjini na orodha za shule, bei za vijitabu hupanda na wauzaji hawana muda wa kukuacha ufungue kurasa. Katikati ya muhula, siku ya kazi mchana, muuzaji huyo huyo atakuvutia kiti, atakuacha usome ukurasa wa Kenya wote, na akiona umeikuta mikoa minane atakupunguzia bei bila kuombwa.